Nusu ya Wembe Kwenye Kichwa cha Elia

Jamani, mimi nimeshaaibika sana katika maisha yangu. Nimeshaanguka na baiskeli mbele ya mama mkwe nikiwa nimebeba kuku wa mahari ya mdogo wangu, nimeshasimama kwenye harusi nikamshika mkono na kumpongeza bwana harusi kumbe ni mpiga picha, lakini aibu zote hizo ukizikusanya ukazishindilia kwenye kiroba kimoja hazifikii kisigino cha aibu niliyoipata siku tunaanua tanga la marehemu Daudi, na mpaka leo nikipita njia ya kwao natembea nimeinamisha kichwa kama mbuzi anayetafuta majani kiangazi. Naisimulia kwenu kwa sababu ninyi ni watu wangu, halafu pia kwa sababu huko nje inasimuliwa vibaya, kuna mtu anasema nilimkata mtu sikio. Sikio sikumkata mtu. Ingekuwa sikio ningeshukuru.

Mnajua kwa nini naitwa Redio. Sizimiki. Shule mimi niliipitia nje, nikachungulia dirishani, nikaona mwalimu ana fimbo ndefu kuliko mimi, nikaendelea na mbuzi zangu porini, kwa hiyo elimu yangu yote iko mdomoni. Na ukoo wetu na ukoo wa kina Daudi ni watani, utani wa mababu, sio huu wa kuchekana bar. Kwetu huku Ikungi vijijini mtu akifa mtani ndiye anayeubeba msiba usiwalemee wenyewe: mimi nimeshalala kaburini nikakataa kutoka mpaka nipewe paja la mbuzi, nimeshavaa koti la marehemu na kofia yake nikatembea kama yeye na kikohozi chake kile kile, mjane akacheka mpaka akakaa chini, halafu akalia vizuri, maana kilio kinachokuja baada ya kicheko kinatoka chote. Hiyo ndiyo kazi yangu. Wengine ni mafundi cherehani, mimi ni mtani.

Sasa huyu Daudi alikuwa mtani wangu na rafiki yangu, na kusema kweli alikuwa rafiki zaidi. Alianguka kwenye shamba lake la alizeti, jua kali, presha, hakusema hata neno moja. Aliyemkuta ni mdogo wake, Elia, akambeba mgongoni mpaka barabarani akiwa ameshakata roho, yaani alibeba maiti akidhani anabeba mgonjwa, na njia nzima anamwambia vumilia kaka, tunafika. (Hapo sitanii.)

Na tatizo lilikuwa hapo hapo. Elia na Daudi msimu ule walikuwa hawasemezani vizuri kwa ajili ya mpaka wa shamba. Kitu cha kijinga tu, mstari mmoja wa alizeti, huyu anasema wangu, huyu anasema wangu. Wangepatana, ndugu wa tumbo moja hawa, lakini kifo hakikusubiri. Basi maneno yalikuwepo, ya chini chini, jikoni huko kwa kina mama wanaochambua mchele: mbona ni yeye aliyemkuta, mbona alikuwa huko shambani peke yake. Hakuna aliyesema kwa sauti. Yalikuwa kama moto wa kinyesi cha ng'ombe, huoni mwali, unaona moshi tu.

Siku ya kuanua tanga ndiyo siku ya kunyoa. Wafiwa wa karibu wananyolewa vichwa, na anayenyoa ni mtani, ukishamaliza kunyoa wanaoga, wanakula, halafu wazee wanakaa wanasema nani ataiangalia nyumba ya marehemu. Na hii ilijulikana kwamba ni Elia, hakuna mwingine, Daudi ameacha mjane na watoto wadogo na shamba zima la alizeti vichwa vimeshainama, ndege wanakula asubuhi na jioni. Kikwazo kimoja tu. Kwetu damu ikitoka kwenye kichwa cha mfiwa siku ya kunyoa, wazee wa kike wanatazamana. Wanasema marehemu amemkataa huyo. Mtu aliyekataliwa hakabidhiwi nyumba ya marehemu, hakabidhiwi hata kuku wake.

Mimi nayajua yote hayo. Nayajua kuliko jina langu. Ndiyo maana nilitaka ninyoe vizuri kuliko mtani yeyote aliyewahi kunyoa tangu Mungu aweke mawe Singida.

Nilikuwa na kimashine. Nilikipata gulioni Ikungi, kwa jamaa anayeuza vitu vya mitumba, vijiko, miwani, mikanda, kikawa kimelala hapo kinang'aa kama jino la dhahabu. Ni kile cha kunyolea cha wembe mmoja: kina mkono wa chuma, juu kina kichwa kinachofunguka kama mdomo wa mamba, na wembe wake sio huu wetu wa dukani wenye makali huku na huku. Wembe wake ni mnene, makali upande mmoja tu, upande wa pili una mgongo wa bati. Unautumbukiza mgongo nyuma makali mbele, unasukuma mpaka unashikwa na vimeno viwili pembeni, unafunga mdomo, unasikia kaa, umekaa. Ule mgongo ndio unaoushika. Hauendi mbele, hauendi pembeni. Kilikuja na nyembe zake kwenye kiboksi, na mimi nilikuwa najinyoa nacho ndevu kila Ijumaa, nikipaka povu mpaka machoni, mke wangu anasema, "Wewe unanyoa au unapika keki?" Hakikuwahi kunikwaruza. Mtu anayenyolewa na kimashine kile alikuwa anasinzia, naapa, mjomba wangu alisinzia akaota yuko Mwanza.

Asubuhi ya siku yenyewe nafungua kiboksi, kitupu. Nyembe zimeisha. Ya mwisho ilikuwa imeshakuwa butu, hata siagi isingekata, na huku kwetu wembe wa mgongo huupati, ukiuliza dukani wanakuangalia kama umeuliza meno ya simba.

Mtu mwenye akili angechukua wembe wa kawaida na kichanuo, akanyoa kama wanavyonyoa watu wote. Tatizo nilikuwa nimeshatangaza. Msiba mzima nilikuwa nazunguka na kimashine kwenye mfuko wa shati, nakitoa nawaonyesha watu, nasema siku ya kunyoa mtanyolewa kizungu, Daudi mwenyewe huko aliko atajuta kwa nini amewahi. Ningerudi vipi na wembe wa mkononi kama mtu wa kawaida.

Basi nikachukua wembe wa dukani, nikaukunja ukiwa ndani ya karatasi yake, tak, ukavunjika katikati. Nikapata nusu, makali upande mmoja, nikaona sasa si ndio huo huo. Nikautumbukiza. Ukaingia kama mtoto kwenye suruali ya baba yake. Ni mwembamba, hauna mgongo, unacheza, unalala huku unalala kule. Nikafikiri. (Hapo ndipo nilipokosea, nilipofikiri.) Nikachana kipande cha boksi la kiberiti, nikakikunja, nikakishindilia nyuma ya wembe mahali pa mgongo. Nikafunga mdomo. Ukakaa. Nikatikisa, haukucheza. Nikajisifia moyoni kwamba hata waliokitengeneza hawakuwaza hivyo, na kweli hawakuwaza, maana wao walijua kunyoa kuna maji.

Tukakaa uani. Upepo wetu ule wa Singida unapiga mpaka unang'oa mawazo, watu wamejaa, wanaume upande wa ukutani, wanawake kwenye mikeka, beseni la maji ya sabuni mbele yangu. Nikaanza na mjane, mama Neema. Kimashine kikaenda kama kinateleza kwenye mafuta. Nikamtania kidogo, nikamwambia, "Shemeji, kichwa kizuri hivi Daudi alikuwa anakificha kwa wivu," akatabasamu, tabasamu dogo kama la mgonjwa aliyepewa uji. Akafuata shangazi yao, shangazi Yunisi, huyu ndiye mkubwa wa ukoo kwa upande wa wanawake, akikohoa mtu anaacha kutafuna. Naye kikapita safi, hakuna hata alama, akapapasa kichwa chake akasema, "Redio, leo umefanya kazi ya mtu mzima." Nikavimba. Ningepasuka ningejaza uwanja.

Wote hao, kila nikipitisha mara mbili tatu nachovya kimashine kwenye beseni nasuuza nywele. Nachovya, nasuuza. Na kile kikaratasi cha kiberiti huko ndani kinakunywa maji taratibu, kinalainika, kinakuwa uji, na mimi naimba.

Elia akaja wa mwisho. Akakaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa. Alikuwa amekonda, jamani, shingo imekuwa kama ya kuku aliyenyeshewa. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, ninyoe haraka, nimechoka kuangaliwa." Nikamwambia tulia, sasa hivi utakuwa kama yai.

Nikapitisha mara ya kwanza, salama. Ya pili, salama. Ya tatu nikasikia kitu kama kimenasa, kidogo sana, kama mwiba unavyonasa nguo, na wembe ulikuwa umeshalala upande, kona yake imetoka nje ya mdomo kama ulimi wa nyoka, na mimi na mkono wangu wa kishujaa nikauvuta mpaka mwisho. Mstari kutoka utosini mpaka nyuma ya sikio. Kwanza ukawa mweupe. Halafu ukawa mwekundu. Halafu damu ikashuka shingoni ikaingia kwenye kola ya shati jeupe, na shati jeupe mnalijua, tone moja linaonekana kama ndoo.

Wazee wa kike wakatazamana. Hata upepo nadhani ulisimama uangalie.

Hapo ningesema jamani wembe umelala, nimekosea, samahani. Maneno matano. Lakini mimi naona macho yote yako kwangu na kwa kimashine changu, kile nilichokisifia msiba mzima, na aibu imenipanda kutoka miguuni, na mdomo wangu ukifikwa na aibu haujui kitu kingine isipokuwa kutania. Nikasema kwa sauti kubwa, "Ee, Daudi huyo. Amekumbuka mstari wake wa alizeti."

Hakucheka mtu.

Yaani hata mmoja. Nimeshatania mbele ya mapadri, mbele ya masheikh, wakacheka, lakini pale nilisikia neno langu linadondoka chini kama sufuria. Elia aligeuka akaniangalia. Hakuniangalia kwa hasira, ningepona. Aliniangalia kama mtu aliyemwona rafiki yake anaingia kwenye kundi la wanaomkimbiza. Shangazi Yunisi akajifunika kanga kichwani polepole akasema, "Mtani amesema. Sisi wengine hatujasema kitu."

Na kijana fulani alikuwa anarekodi video na simu. Kabla damu haijakauka, sauti yangu ilikuwa imeshaingia kwenye grupu la ukoo, imefika Dodoma, imefika Dar, imefika Manyoni kwa watu ambao hawakuja hata kuzika, na simu zikaanza kulia hapo uani, moja baada ya nyingine, watu wanauliza ni kweli marehemu amemkataa Elia.

Mimi nilichofanya? Nikaenda nyuma ya nyumba mbio mbio, nikafungua kimashine, nikakuta kile kikaratasi kimekuwa ugali na nusu ya wembe inaogelea, na kwa aibu nikautupa wembe na karatasi chooni, nikabaki na kimashine kitupu. Ushahidi wote. Shimo refu lile, sijui futi ngapi, Daudi mwenyewe alilichimba na alikuwa mtu wa kuchimba bila kujua kuacha.

Nilivyorudi, wazee wameshakaa. Mzee Yohana, baba mdogo wa kina Daudi na Elia, ndiye aliyekuwa anaongoza. Akasema tungetaka tumkabidhi Elia nyumba, lakini limetokea jambo, wenye kusema waseme. Shangazi Yunisi akasema, "Mimi niliyefunga macho ya kaka zangu wakubwa wote nasema hivi: wote tumenyolewa na kifaa kimoja, mkono mmoja, maji mamoja. Mjane hajatoka damu. Mimi na uzee huu, ngozi imekuwa karatasi, sijatoka damu. Ametoka yeye peke yake, aliyekuwa hasemi na mwenzake, aliyemkuta peke yake. Mimi nyumba ya Daudi siwezi kuiweka kwenye mkono huo."

Mama Neema akasema, "Shangazi, alizeti inaliwa. Nani atanivunia?"

"Bora iliwe na ndege, mwanangu."

Damu ilikuwa imeganda sikioni mwa Elia. Mke wake alikuwa ameshachukua mtoto mgongoni, amesimama karibu na uzio, amebeba na mfuko wao, kama mtu anayesubiri tu kuambiwa ondokeni.

Nikasimama. Nikasema, "Wazee wangu, shikamooni. Marehemu hajakataa mtu. Ni wembe. Niliweka nusu ya wembe, nikaweka na karatasi ya kiberiti, karatasi ikalowa, wembe ukatoka nje. Ni mimi."

Unajua walifanya nini? Wakacheka. Sasa ndio wakacheka. Mzee mmoja akajifuta machozi akasema, "Redio bwana. Karatasi ya kiberiti. Huyu angekuwa serikalini." Nikasema sitanii. Wakacheka zaidi. Nikaapa, nikaapa kwa Mungu na kwa kaburi la mama yangu, mwingine akasema, "Mama yako si yuko jikoni anakula?" (Ni kweli alikuwa jikoni anakula. Niliapa kwa haraka.) Mzee Yohana akasema kwa upole, "Mtani, tumekuelewa, unataka kumtetea mwenzio, ni vizuri. Tuonyeshe basi hicho kikaratasi."

Nikasema nimekitupa chooni.

Shangazi Yunisi akatikisa kichwa. "Amekitupa chooni."

Mnaona ilivyokuwa. Maisha yangu yote nimesema uongo wa kuchekesha na nimeaminiwa, siku moja nasema ukweli mkavu kama kuni, naonekana nachekesha. Nilitamani ardhi ipasuke nimfuate Daudi, lakini nikafikiri huko nako atanicheka.

Ndipo likanijia wazo, na mkinisikia siku nyingine nasema nimepata wazo, nifungeni kamba. Nikachukua nusu ile nyingine ya wembe, bado ilikuwa mfukoni, nikachana boksi la kiberiti mbele yao wote, nikashindilia, nikafunga, nikasema angalieni kwa macho yenu. Nikakaa kwenye kigoda kile kile, nikajipaka povu, nikaanza kujinyoa kichwa changu mwenyewe ili nitoke damu.

Sasa lazima niwaambie kitu kuhusu nywele zangu. Mlikuwa mnaziona nyeusi. Zilikuwa nyeusi kwa piko. Mke wangu alikuwa anajua, Mungu alikuwa anajua, na jirani mmoja alikuwa anahisi. Chini kulikuwa kweupe pee, na isitoshe kichwa changu kwa nyuma kina bonde, nilianguka mtini utotoni, bonde ambalo ungeweza kuweka yai likakaa. Yote hayo yakatoka hadharani, kipande kwa kipande, na upepo unapeperusha nywele nyeusi zenye mizizi myeupe kwenye mikeka ya wanawake. Nikasikia mmoja anamwambia mwenzake, "Kumbe ni mzee hivi."

Na damu haikutoka.

Nilinyoa mbele, haikutoka. Nikanyoa pembeni, nikabonyeza, haikutoka. Nikaenda nyuma kwenye bonde, mahali ambapo hata kinyozi wa mjini ananikwangua, kikapita laini kama ulimi wa ndama. Karatasi ilikuwa mpya, sikuwa nimekichovya kimashine majini hata mara moja, ilikuwa haijalowa, wembe umekaa imara kama waziri. Sijawahi kunyolewa vizuri vile katika maisha yangu. Nilikuwa nalia, jamani, mwanaume mzima anajinyoa hadharani anaomba moyoni Mungu nikate, nikate hata kidogo, na Mungu ananinyoa vizuri.

Nikabaki kichwa kinang'aa. Shangazi Yunisi akasema, "Mmeona wenyewe. Kifaa hakina kosa. Karatasi yake hiyo hapo, wembe wake huo hapo, hajakatika. Basi tusimdanganye marehemu."

Yaani nilikuja kumtoa Elia shimoni nikamwagia udongo juu. Mke wa Elia akaanza kulia, kilio kile cha bila sauti, mabega tu. Elia akasimama akamwambia, "Twende." Mimi nikaiachia mikono, kimashine kikadumbukia kwenye beseni, kikazama, nikakaa hapo nimeshika kichwa changu cha baridi. Redio imezimika. Mzee Yohana akawa anaongea na Elia kwa upole, anamwambia ngoja kidogo mwanangu, usiondoke hivi, chakula kipo, na Elia anajibu tu, "Hapana baba. Hapana baba." Ikachukua muda. Wakaenda mpaka kwenye uzio wakarudi, wakaenda tena.

Kimashine kiko kwenye maji muda wote huo.

Shangazi hakupenda kwamba mzee Yohana anambembeleza. Akainuka, akaja mpaka kwenye beseni, akatia mkono akakitoa, akakinyanyua juu watu wote waone, maji yanachuruzika kwenye kiwiko, akasema, "Yohana, unambembeleza nini? Kifaa hiki hakimkati mtu asiye na neno. Mimi sina neno na Daudi, nilimlea mgongoni." Na akakipitisha juu ya kichwa chake, pale pale palipokwisha kunyolewa, kwa nguvu za mtu mwenye hasira.

Nilisema shangazi usi, sikumaliza.

Akasimama na kimashine mkononi. Mstari ukashuka kutoka utosini, ukapita kwenye paji la uso, ukafika kwenye nyusi ukatulia. Akaweka kidole, akakiangalia. Wembe ulikuwa umetoka kona, unaonekana na kila mtu, na kipande cha boksi la kiberiti kimening'inia nje kama makamasi.

Hakuna aliyesema marehemu amemkataa shangazi. Nani angesema. Wale wanawake waliokuwa wanatazamana wakawa wanatazama mikeka. Mzee Yohana akachukua kimashine, akakitazama, akakiweka chini kwa adabu kama kitu cha kanisani, akasema, "Ni wembe." Basi. Neno lile lile nililolisema mimi wakacheka.

Shangazi Yunisi akatafuta pa kukaa. Ni Elia aliyemshika mkono akamkalisha, akachukua pindo la kanga akambana jeraha. Akabaki amebana hivyo, wote wawili vichwa vinatoka damu, na shangazi anasema, "Mwanangu. Mwanangu."

Nyumba alikabidhiwa. Alizeti alivuna, yake na ya shemeji yake, na ule mstari wa mpaka aliuvunia upande wa Daudi wote. Hiyo ndiyo sehemu nzuri na imeisha. Sehemu nyingine ni kwamba Elia sasa anavaa kofia hata ndani, kanisani ndipo anapoivua, na akiivua watu wanaliangalia lile kovu, na macho ya watu hayajui kwamba kesi imekwisha. Kule Dodoma na Dar ile video yangu ndiyo iliyofika. Ile ya shangazi hakuna aliyerekodi, au aliyerekodi hakutuma.

Nilienda kumsaidia kupura. Nilienda bila kuitwa, na fimbo yangu, tukapiga alizeti kutwa nzima, vumbi linatuingia puani, nami nikajaribu vichekesho vyangu vyote, hata kile cha mzee na punda ambacho Daudi alikuwa anakiomba nirudie. Elia anapiga alizeti tu. Jioni tukanawa, akanipa maji ya kunywa, nikamwambia, "Mtani, nitukane basi, nitukane mara moja tu, tumalize."

Akaniambia, "Kaka, mimi sina hasira na wewe. Ila ukifa, kaburi nitakuchimbia, na jeneza nitabeba. Lakini kutania sitatania."

Nyie mnaelewa maana yake. Mtani wangu mimi ni wao. Kina Daudi ndio wa kunivalia koti langu na kuniigiza, na anayenijua wa kunivalia hivyo amebaki Elia peke yake. Mtu kuzikwa huku kwetu bila mtani kufungua mdomo, ni kama kuzikwa mgeni aliyeshushwa na basi.

Kwa hiyo mimi wembe, uwe mzima, uwe nusu, uwe na mgongo, usiwe na mgongo, kwenye kichwa cha mtu siushiki tena mpaka naingia kaburini. Na huu mdomo nao naufundisha kukaa kimya damu ikitoka, japo ni kazi kama kumfundisha fisi kufunga Ramadhani. Nafanya hivyo kwa sababu Elia bado ni kijana na mimi nywele zangu mmeshaziona rangi yake, na ningependa kabla siku yangu haijafika awe amelainika kidogo, walau aje aruke kwenye kaburi langu, alale humo, aniite mjinga.